Gobore la kuwindia: chagua risasi kwanza, baruti baadaye

Swali ninaloulizwa sana na ndugu zetu wanaoanza kuwinda huku Marekani ni moja tu, "kaka niweke greni ngapi za baruti?" (greni ndo kipimo chetu cha baruti na risasi), na mimi kila siku nawajibu kwa swali, mtutu wako una msokoto gani? Wengi hawajui. Bei wanaijua, skopu wanaijua, mbao ya kitako wanakwambia ni ya mti gani, ila hicho kitu kimoja ambacho ndo kinaamua mengine yote hawajawahi kukiangalia, na matokeo yake wanachoma baruti ya dola mia nzima wakitafuta shabaha ambayo risasi waliyonunua haiwezi kuwapa hata wafanyeje.

Gobore wote tunalijua, hata kama wewe wa mjini umelisikia kwa babu tu. Bunduki inayopakiwa kwa mdomo wa mtutu, unamimina baruti, unashindilia risasi juu yake kwa mdeki, unaweka fataki, unalenga. Huku majimbo mengi yana msimu wake maalum wa magobore, na hapa Pennsylvania nilipo mimi kuna msimu wa kulungu baada ya Krismasi ambao ni wa gumegume tu, ulianza 1974, hakuna fataki wala praima, ni jiwe linagonga chuma cheche zinadondokea kwenye baruti ya kisahani basi. Unapata risasi moja. Kupakia tena ni nusu dakika kama mikono haitetemeki, na yule mnyama hasubiri nusu dakika. Ndo maana nasema hii kazi ya kuchagua risasi na kupima baruti inafanyika nyumbani na uwanja wa shabaha mwezi wa nane na wa tisa, porini unaenda na jibu tayari.

Kabla sijaendelea, namba zote humu ni za magobore ya kiwandani ambayo mtutu wake umepimwa na una kitabu chake. Gobore la kuchongwa kijijini kwa bomba la maji usilipakie kwa maelezo haya wala kwa maelezo ya mtu yeyote, bomba halikutengenezwa kubeba huo mgandamizo na likipasuka linapasukia usoni kwako.

Msokoto ndo mwanzo

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, hiyo ndo inaipa risasi mzunguko ili isiyumbe hewani. Ukikuta pembeni ya mtutu imeandikwa 1:66 maana yake risasi inazunguka mara moja kamili kila inchi 66, hiyo ni polepole sana. 1:28 inazunguka mara moja kila inchi 28, hiyo ni haraka. Katikati kuna 1:48, ambayo utaikuta kwenye magobore mengi ya mtindo wa zamani wa Hawken, watengenezaji waliiweka hivyo ili ikubali kidogo huku na kidogo kule.

Goroli, yaani ile risasi ya mviringo, inapenda polepole, 1:60 mpaka 1:70 hivi. Haina urefu kwa hiyo haihitaji mzunguko mwingi, ukiizungusha haraka na baruti nyingi inaruka juu ya mifereji badala ya kuifuata. Risasi ndefu ni kinyume chake, inahitaji mzunguko wa haraka la sivyo inapinduka njiani, kwa hiyo magobore ya kisasa yale ya inlaini, ambayo fataki iko nyuma moja kwa moja na baruti, karibu yote ni 1:28. Hizo za inlaini zilishika kasi baada ya fundi bunduki Tony Knight kutoa MK-85 yake mwaka 1985, na tangu hapo ukiingia duka lolote rafu nzima ni risasi za saboti, zile za kikombe cha plastiki, ndo muuzaji anachokijua.

Na hapo ndo mimi niliumia. Gobore langu la kwanza nililinunua mkononi kwa mtu, kaliba ya .50, yaani tundu la nusu inchi, gumegume, zuri kweli, 1:66, na mimi hiyo 1:66 niliiona nikadhani ni namba ya modeli. Nikaenda dukani nikaomba risasi za .50, muuzaji akanipa saboti za greni 250 na sikuuliza kitu. Uwanjani, yadi 50, ya kwanza ikaenda kona ya juu, ya pili haikugusa hata ubao, ya tatu ikatoboa karatasi tundu refu lenye umbo la risasi iliyolala ubavu. Nikafikiri nguvu haitoshi nikaongeza baruti, ikawa mbaya zaidi, nikaongeza tena, siku nzima ikaishia hapo na bega limevimba. Mzee mmoja jirani yangu ambaye amewinda na gumegume miaka mingi alikuja kuliangalia, akasoma ile 1:66, akaniambia hili linataka goroli tu. Akanipa goroli zake tano na vitambaa. Greni 70, yadi 50 zilezile, matundu matatu ukayafunika kwa kikombe cha chai.

Sasa kama mtutu wako haujaandikwa chochote unaupima mwenyewe. Hakikisha kwanza hauna kitu ndani. Chukua fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unaruhusu fimbo kuzunguka yenyewe, funga kitambaa kinachobana, sukuma mpaka chini, weka alama ya kalamu juu ya fimbo na alama nyingine pale inapotoka kwenye mdomo wa mtutu, halafu vuta taratibu mpaka ile alama ya juu izunguke robo. Pima fimbo imetoka inchi ngapi, zidisha kwa nne. Ikitoka inchi 12 msokoto wako ni 1:48. Rudia mara tatu maana kitambaa huwa kinateleza.

Risasi zenyewe

Goroli. Kwa .50 goroli ya kawaida ni .490, uzito wake kama greni 177, inakaa ndani ya kitambaa cha pamba chenye unene wa inchi .015 hivi kilichopakwa mafuta. Ona kwamba goroli ni ndogo kuliko mtutu, kile kitambaa ndo kinashika mifereji na kuizungusha, kwa hiyo kitambaa ni sehemu ya risasi, siyo takataka ya kuchana kwenye fulana yoyote. Fulana inavutika, itakupa kila siku shabaha tofauti. Tafuta pamba iliyofumwa imara, ile ngumu ya godoro au jinzi nyepesi, ifue kwanza ili dawa ya kiwandani itoke. Goroli iwe ya madini ya risasi laini, ile ukiikwaruza kwa ukucha inabaki alama. Ngumu haitanuki ikimpata mnyama, inapita kama msumari.

Risasi ndefu ya madini ya risasi tupu. Hizi ni nzito, greni 300 mpaka 400 na zaidi kwa .50, zinaingia bila kitambaa, zimepakwa mafuta kwenye mikunjo yake. Asili yake ni zile za Mfaransa Minié za mwaka 1849, zenye shimo kitakoni ambalo linatanuka baruti ikiwaka na kushika mifereji, vita ya wenyewe kwa wenyewe huku Marekani ilipiganwa nazo sana. Za leo za kuwindia nyingine zina shimo nyingine ni gumu mpaka chini na zinakatwa na mifereji wakati unazishindilia. Zinakubali 1:48 vizuri na 1:32 vizuri zaidi. Zinapiga kwa kishindo, kwa elki, yule kulungu mkubwa, mimi ningechukua hii kabla ya kitu kingine chochote. Ila ina tabia moja ya kuangalia, kwa kuwa haina kitambaa cha kuibana inaweza kuteleza mbele ukitembea na bunduki mdomo chini, na risasi iliyoachana na baruti ni hatari, nitarudi hapo. Wengi wanaweka duara la sufu nzito kati ya baruti na risasi, moto usile kitako chake. Jaribu na duara na bila duara, kwenye bunduki yangu ya 1:48 tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya baruti.

Saboti. Kikombe cha plastiki kinachobeba risasi ya bastola ya .44 au .45 ndani ya mtutu wa .50. Ikitoka mdomoni plastiki inafunguka na kuanguka, risasi inaendelea. Greni 240 mpaka 300 ndo za kawaida. Ni za 1:28, na ndizo zinazofika mbali kuliko zote. Plastiki ikibanwa na baridi inakuwa ngumu kushindilia, na mtutu ukichemka inalainika na shabaha inapotea, kwa hiyo uwanjani acha mtutu upoe, usipige kumi mfululizo halafu ukalaumu skopu. Ukishindwa kuishusha kwa mikono miwili badilisha saboti, usitafute nyundo, zipo za kubana kidogo na za kubana sana kwa risasi ileile.

Kama unawinda California jua kwamba tangu tarehe 1 Julai 2019 risasi za madini ya risasi haziruhusiwi kabisa kuwindia, huko ni zisizo na madini hayo tu, nyingi ni za shaba, na za shaba kwa kaliba hizi nyingi zinakuja kwa saboti. Nakwambia mapema kwa sababu mtu mwenye 1:66 pale atahangaika.

Sheria kwa ujumla zinatofautiana kuliko watu wanavyofikiri. Colorado kwenye msimu wa magobore hawataki saboti, hawataki peleti (baruti ya vidonge), hawataki skopu. Gobore la jirani yako wa Ohio na risasi zake linaweza kuwa kosa ukivuka majimbo. Soma kitabu cha wawindaji cha jimbo lako cha mwaka huu kabla ya kununua hata pakiti moja, kinatolewa bure.

Baruti

Hapa nitaongea taratibu kidogo maana ndipo watu wanapoumia.

Gobore linakula baruti nyeusi au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili ya magobore. Basi. Baruti isiyo na moshi, ile ya kujazia risasi za bunduki za kisasa, haiingii. Hata kijiko. Hata ukisikia mtu anachanganya kidogo ili liwake haraka. Mgandamizo wake ni wa aina nyingine kabisa na mtutu wa gobore unafumuka. Yapo magobore machache sana yaliyojengwa maalum kwa hiyo baruti na kitabu chake kinasema wazi, kama chako hakisemi basi siyo. Na usihamishe baruti kwenye kopo lingine, hata kwa siku moja, kwa macho zote ni chenga za kijivu na nyeusi na hutakumbuka.

Baruti nyeusi yenyewe inakuja kwa saizi za chenga zinazoandikwa kwa F. FFg ni chenga kubwa kidogo, ya kaliba .50 na kupanda. FFFg ni ndogo, inawaka haraka, ya .45 na kushuka, ingawa watu wengi wa .50 wa goroli tunaitumia pia kwa kipimo cha chini. FFFFg ni unga karibu, hiyo ni ya kisahani cha gumegume tu. Ukihama kutoka FFg kwenda FFFg punguza kama asilimia 10 mpaka 15, usihamishe namba ileile.

Mbadala ni kama Pyrodex, Triple Seven na Blackhorn 209. Gumegume haizitaki, cheche za jiwe haziziwashi kwa uhakika, zinahitaji joto kubwa zaidi, kwa hiyo mwenye gumegume atafute baruti nyeusi halisi hata kama duka la karibu halina (na mara nyingi halina, maana inahesabiwa kama kilipuzi na kuihifadhi dukani kuna masharti). Blackhorn inataka praima ya 209, ile ya bunduki ya shotigani, fataki namba 11 haitoshi. Triple Seven ina nguvu kuliko baruti nyeusi, watengenezaji wenyewe wanasema punguza asilimia 15 ukitaka mwendo uleule. Yaani kama ulikuwa na 100 ya nyeusi, hapo weka 85.

Jambo linalochanganya wengi ni kipimo chenyewe. Greni ni uzito, greni 7000 ni ratili moja, greni 100 ni gramu sita na nusu hivi. Lakini kwenye magobore tunapima kwa ujazo, kwa kile kikombe kidogo cha shaba chenye mistari, kilichotengenezwa kwa baruti nyeusi. Mbadala ni nyepesi, kikombe cha 100 cha Blackhorn ukikiweka kwenye mizani kinasoma kama 70. Sasa mtu anasoma "100" kwenye kitabu anachukua mizani anapima 100 za uzito, amezidisha karibu nusu nzima bila kujua. Soma kama kitabu chako kinasema ujazo au uzito, na ukiamua moja baki nayo.

Peleti ni vidonge, vingi ni greni 50 kila kimoja, viwili ni 100 umemaliza. Ni rahisi porini na mkono ukiwa na baridi ni raha kweli. Ila huwezi kuweka 85 au 90, na gobore nyingi jibu lake liko hapo katikati, kwa hiyo mimi napenda chenga. Za Pyrodex zina upande mmoja mweusi zaidi, huo unaelekea kwenye fataki.

Kutafuta kipimo

Fungua kitabu cha bunduki yako, tafuta kiwango cha juu kabisa kwa aina ya risasi uliyochagua, kiandike kwenye karatasi kubwa. Huo ni ukuta, na kila risasi ina ukuta wake, cha goroli hakihamishiwi risasi nzito maana uzito ukiongezeka mgandamizo unaongezeka.

Pa kuanzia kwa .50: goroli 60, risasi ndefu nzito 70, saboti 80, kwa ujazo wa baruti nyeusi au Pyrodex. Piga tatu kwa yadi 50 umeegemeza bunduki vizuri kwenye mfuko wa mchanga. Kisha panda kwa greni 5, siyo 20, piga tatu nyingine kwenye karatasi mpya, andika juu ya karatasi kipimo, kitambaa, hali ya hewa. Endelea. Utaona matundu yanakusanyika, yanakusanyika, halafu kipimo kinachofuata yanatawanyika. Rudi pale yalipokusanyika. Magobore mengi ya goroli yanatulia kati ya 70 na 90, ya saboti kati ya 90 na 110. Wale wanaoshindilia 150 kwa sababu bunduki imeandikwa "magnum", naomba nieleweke, kiwango cha juu siyo kipimo bora. Baruti nyingine inawakia nje ya mdomo, unaona moto mkubwa, unapata teke la bega, plastiki inaungua kitako, na kulungu aliyepigwa vizuri kwa 90 hajui tofauti.

Kati ya kila risasi safisha. Kitambaa kimoja chenye unyevu kidogo, unasukuma mpaka chini unatoa, kimoja kikavu, basi. Baruti nyeusi inaacha masizi mazito na risasi ya nne isiposafishwa unapiga kwenye mtutu tofauti na wa kwanza. Kwa sababu porini risasi yako ya kwanza inatoka kwenye mtutu safi, kipimo chako kipatikane kwenye mtutu safi. Triple Seven inaacha pete ngumu pale risasi ilipokaa, ukisikia risasi mpya inakwama kidogo kabla ya kufika chini ndo hiyo, acha kulazimisha, safisha.

Kwa wa goroli, baada ya kupiga nenda mbele hatua kumi na tano hivi okota kitambaa chako. Hapa ndo napapenda kuliko sehemu zote za kazi hii, kile kitambaa kinakusomea ndani ya mtutu bila chombo chochote. Kizuri kinarudi na duara jeusi katikati, kingo zimechanika nyuzinyuzi kidogo, unaweza karibu kukitumia tena. Kikirudi na tundu lililoungua katikati ni chembamba au hakina mafuta ya kutosha, moto unapita pembeni ya goroli. Kikirudi kimekatwa mistari kama kwa wembe, mifereji mipya ina makali, sugua mtutu kwa sufu ya chuma laini yenye mafuta au piga goroli hamsini mia hivi makali yataisha. Kikiwa na masizi mpaka kwenye kingo zote, goroli haibani, jaribu kitambaa kinene zaidi kabla hujagusa baruti. Mimi nilibadilisha kutoka .010 kwenda .015 na matundu yakapungua nusu, baruti ikiwa ileile 75 ya FFFg, na hiyo ndo ninayowindia mpaka leo.

Kupakia bila kuumia

Chomeka mdeki kwenye mtutu mtupu, weka alama usawa wa mdomo wa mtutu. Pakia kipimo chako, weka alama ya pili. Alama ya kwanza inakwambia mtutu mtupu, ya pili inakwambia risasi imekaa juu ya baruti. Kila ukipakia angalia alama ya pili. Ikiwa alama hiyo imebaki juu ya mdomo wa mtutu, risasi haijafika, kuna nafasi ya hewa, na ukifyatua hapo mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ikiwa imebaki juu zaidi ya inchi nzima labda umepakia mara mbili, hilo linatokea kwa watu wazoefu pia wakiongea huku wanapakia. Shindilia mpaka ikae, mkandamizo uleule kila mara, usipondeponde kwa mdeki, unaharibu pua ya risasi.

Mimina kutoka kikombe cha kipimo, kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo. Ikibaki cheche mle ndani greni 80 zinakuunguza nyusi, kopo zima linakuondolea mkono. Fataki au baruti ya kisahani inawekwa mwisho kabisa, bunduki ikiwa inaelekea pale utakapopiga. Miwani vaa. Likigoma kuwaka liache limelenga palepale dakika nzima au mbili, baruti yenye unyevu huwa inawaka kwa kuchelewa.

Umbali

Goroli inaondoka kwa kasi nzuri lakini hewa inaikamata haraka, kwenye yadi 100 imeshapoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake, na nguvu inapungua kuliko hivyo. Mimi saiti zangu nimezipanga yadi 75, hapo kati ya 50 na 90 nalenga palepale, kwenye 100 inakuwa imeshuka karibu inchi nne, ila lako lipime mwenyewe kwenye karatasi. Risasi ndefu nzito inashuka kama jiwe lakini haipotezi nguvu haraka, tatizo lake ni kukadiria umbali. Saboti kwenye inlaini yenye skopu, mtu aliyefanya mazoezi anafika 150 bila wasiwasi.

Msimu wangu wa pili nilimpiga kulungu kwa goroli yadi kama 130. Nilijua ni mbali. Nilifuata damu mpaka giza, nikarudi asubuhi na jirani yangu, tukaipoteza kwenye mto. Yule mnyama nimemkumbuka kila msimu. Tangu hapo yadi 80 ndo mwisho wangu na goroli, ananipita wa 100 anasimama kabisa ubavu na mimi namwangalia tu anaenda, na nalenga nyuma ya mguu wa mbele kwenye mapafu, mapafu yote mawili, basi.

Mvua, theluji na jioni

Unyevu ndo adui. Kitambaa chenye mafuta mengi kikikaa saa nyingi juu ya baruti kinailowesha, kwa hiyo cha kuwindia nakipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, kikavu kidogo, cha uwanjani ndo kinaloweshwa. Mdomo wa mtutu unafunikwa na puto au utepe, haubadilishi shabaha. Kisahani cha gumegume nabadilisha baruti kila saa siku ya theluji, ile ya zamani naimwaga, haina huruma.

Kosa kubwa ni kuingiza bunduki ya baridi kwenye nyumba ya moto. Mvuke unageuka maji ndani ya mtutu na asubuhi unasikia klik. Kama sheria ya jimbo lako inaruhusu gobore lililopakiwa lakini lililotolewa fataki lihesabike halijapakiwa, liache kwenye banda au buti ya gari lililofungwa, kwenye baridi ileile, mbali na watoto, na karatasi imefungwa kwenye triga imeandikwa LIMEPAKIWA. Nyumba yenye watoto wasumbufu usifanye hivyo hata kidogo, lifyatulie kwenye kilima salama kabla hujarudi.

Na likishafyatuliwa lioshwe siku hiyohiyo, masizi yanavuta maji na kutu inaanza usiku mmoja. Kwa baruti nyeusi, Pyrodex na Triple Seven ni maji ya moto na sabuni ya vyombo, vitambaa mpaka vitoke vyeupe, kausha, paka mafuta. Blackhorn haitoki kwa maji, ile inataka dawa ya kusafishia bunduki za kawaida. Wa inlaini fungua plagi ya nyuma kila mara, paka grisi kwenye nyuzi zake kabla ya kurudisha, la sivyo mwezi wa pili utahitaji fundi. Na asubuhi ya kuwinda, kabla hujamimina chochote, futa yale mafuta kwa kitambaa kikavu na uwashe fataki mbili tupu ukielekeza mdomo kwenye jani chini, jani likiruka njia iko wazi, pakia. Wa gumegume pitisha sindano kwenye tundu la kisahani, pakia, nenda.